Chenji anairudisha sawasawa, mtihani anafeli: nimsaidieje mwanangu Hisabati?

"Shikamoo Mwalimu. Nina binti wa miaka 10, yuko darasa la nne katika shule ya msingi ya serikali hapa Ilemela. Mimi nauza samaki na dagaa katika soko la Mwaloni, Mwanza, na Jumamosi huja kunisaidia. Mezani hajawahi kukosea chenji. Lakini shuleni Hisabati anapata 12 au 15 kati ya 50, na juzi aliandika kuwa 10,000 kutoa 6,700 ni 16,700. Bado anahesabu kwa vidole. Nimekuwa nikimkaririsha jedwali la kuzidisha kila usiku, akikosea namchapa, na sasa akiona daftari la Hisabati analia. Baba yake anasema tumwongezee tuisheni. Shangazi yake anasema kichwa cha hesabu ni cha kurithi na kwenye ukoo wetu hakipo. Mimi niliishia darasa la saba, na ninavyohesabu mimi sivyo wanavyofundisha shuleni, kwa hiyo naogopa nikimfundisha nitamharibu. Upimaji wa kitaifa ni mwisho wa mwaka. Nifanye nini?"

Marahaba, mama. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu umeeleza jambo ambalo wazazi wengi huliona bila kulitilia maanani: mtoto yule yule, kwa hesabu ile ile, anapata mezani na anakosa kwenye daftari. Unahofu kwamba mwanao hana akili ya hesabu, kwamba muda umekwisha, na kwamba wewe si mtu wa kumsaidia. Hofu ya kwanza na ya tatu naamini hazina msingi. Ile ya muda ina ukweli kidogo, na nitaifikia.

Nianze na maneno ya shangazi, maana hayo ndiyo yanayoweza kumdhuru mtoto haraka zaidi. Ni kweli kwamba watoto hutofautiana katika wepesi wa kushika namba, na sehemu ya tofauti hiyo huzaliwa nayo. Lakini hesabu za darasa la nne ziko ndani ya uwezo wa karibu kila mtoto anayefundishwa kwa utaratibu unaomfaa, na binti anayetoa shilingi 6,700 katika 10,000 kwa kichwa, katikati ya kelele za Mwaloni na mteja mwenye haraka, ameshaonyesha kwamba uwezo anao. Naomba maneno hayo yasisemwe tena mbele yake. Mtoto akishaamini kwamba kwao hesabu haipo, kila kosa linakuwa uthibitisho na kila jibu sahihi linakuwa bahati, na mwishowe anaacha kujaribu.

Sasa tutazame kinachotokea. Jumamosi ijayo, mteja akishaondoka, muulize kwa upole alivyoipata chenji. Nakisia atakuambia hivi: samaki ni 6,700, nikiongeza 300 inakuwa 7,000, nikiongeza 3,000 inakuwa 10,000, basi chenji ni 3,300. Hapo hakutoa hata kidogo kwa namna ya shuleni. Alipanda kutoka kwenye bei mpaka kwenye noti. Muda wote alijua kila namba inasimama badala ya nini, kwa sababu fedha alikuwa nazo mkononi.

Kwenye daftari amepangiwa 10,000 juu na 6,700 chini, na ameambiwa atoe safu kwa safu akianzia kulia. Sifuri toa sifuri, sifuri. Mara ya pili vivyo hivyo. Kisha anakutana na sifuri toa saba. Haiwezekani, na kwa kuwa hajaelewa kukopa kunatoka wapi, anageuza: saba toa sifuri ni saba. Kwenye safu inayofuata anafanya hivyo hivyo na kupata sita, kisha anaishusha ile moja iliyobaki. Jibu ni 16,700. Tazama jinsi lilivyo kosa lenye mpango: hakubahatisha wala hakuwa mvivu, bali alifuata kanuni moja isiyo sahihi, kwamba kila safu unatoa ndogo katika kubwa. Unaweza kulithibitisha leo jioni. Mpe 403 kutoa 178. Jibu sahihi ni 225. Akiandika 375, basi tatizo lake ni hilo hilo, na ni tatizo linalofundishika.

Hali hii haiko Mwanza peke yake. Mwaka 1985 Terezinha Nunes na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto waliokuwa wakiuza vitu mitaani na sokoni katika mji wa Recife, nchini Brazili. Watoto hao walipoulizwa kama wateja wanavyouliza, walipata karibu asilimia 98 ya majibu. Walipopewa hesabu za aina ile ile zikiwa namba tupu kwenye karatasi, walipata karibu asilimia 37. Walikuwa watoto watano tu, lakini kilichoonekana pale walimu wengi tunakiona kila mwaka: mtoto anaweza kuwa na hesabu mbili zisizojuana, moja yenye maana na nyingine ya alama.

Kinachoziunganisha hesabu hizo mbili ni thamani ya nafasi, yaani kuelewa kwamba tarakimu ile ile 3 ni vitu vitatu ikiwa kwenye mamoja, makumi matatu ikiwa kwenye makumi, na mamia matatu ikiwa kwenye mamia. Mtoto ambaye hajalishika hili huandika mia tatu na tano kama 3005, kwa sababu anaandika anavyosikia: mia tatu, kisha tano. Msomee namba kadhaa za namna hiyo aziandike, mia sita na nane, elfu mbili na arobaini, elfu tisa na saba. Ikiwa anazikosea, usiende mbele kwenye kuzidisha wala kugawanya kabla ya kulishughulikia hilo, hata kama darasa limeshafika huko.

Lipo jambo la pili, nalo ni la fimbo. Nalisema waziwazi kwa sababu najua unampenda na unamtakia mema. Akili inapofanya hesabu hushika vitu vichache kwa wakati mmoja: namba alizopewa, hatua aliyofikia, namba aliyoichukua. Nafasi hiyo ni ndogo kwa kila binadamu, na kwa mtoto ni ndogo zaidi. Hofu nayo huchukua nafasi hapo hapo. Mtoto anayesubiri kuchapwa anautazama mkono wako, na ile saba aliyokuwa ameishika imeshamponyoka. Ndiyo maana jana alijua saba mara nane na leo hajui, nawe ukadhani anafanya makusudi. Kumchapa kumemfundisha kuliogopa daftari, na hofu hiyo haitaondoka kwa siku moja. Mwambie mwenyewe, kwa maneno yako, kwamba kuanzia sasa hesabu haichapiwi, kisha litimize hata siku atakapokuchosha.

Sasa nikueleze la kufanya, nami nitakaa zaidi kwenye kutoa, maana hapo ndipo palipobomoka. Kata vipande vya karatasi ngumu, boksi la kawaida linatosha, uandike 10,000 kwenye kipande kimoja, 1,000 kwenye vipande kumi na 100 kwenye vipande kumi. Usitengeneze vya 500, 2,000 wala 5,000, ingawa ni fedha za kila siku, kwa sababu zitauvuruga mpango wa makumi ambao ndio tunaoutafuta. Mpe kile kipande cha 10,000 na umwambie anatakiwa akulipe 6,700 kamili, nawe huna chenji. Atatazama na kuona hawezi. Mwache aone. Kisha muulize: ukiwa Mwaloni na noti hiyo, ungefanya nini? Atakuambia angeenda kuichenji. Basi aichenji: aweke ile ya 10,000 kando na kuchukua vipande kumi vya 1,000. Bado hana mia za kulipia ile 700, kwa hiyo achukue kipande kimoja cha 1,000 akichenji kwa vipande kumi vya 100. Sasa anavyo vipande tisa vya elfu na kumi vya mia. Alipe elfu sita na mia saba, ahesabu kilichobaki: elfu tatu na mia tatu.

Huko kuchenji ndiko shuleni wanakokuita kukopa. Ile 1 iliyokatwa, ile 9 iliyoandikwa juu, ile 10 inayokaa kwenye safu ya mia, vyote ni kumbukumbu ya alichokifanya kwa mikono. Kwa hiyo akishaweza kwa vipande, rudieni hesabu ile ile, mkono ukichenji na kalamu ikiandika kila hatua hapo hapo. Hatua hii ya kuunganisha mkono na kalamu ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa sababu mzazi akiona mtoto ameweza kwa vipande hufurahi na kuviondoa mapema. Usiviondoe. Mtoto mwenyewe atakuja kuacha kuvigusa, kwanza kwa namba ndogo, halafu kwa kubwa, na wakati huo utajua ameingia. Baadaye tengeneza na vipande vya 10 na vya 1 ili mfanye hesabu kama ile ya 403.

Na kabla hajaandika chochote, aseme kwanza jibu litakuwa karibu na ngapi. Noti ni elfu kumi, samaki ni karibu elfu saba, chenji itakuwa karibu elfu tatu. Akizoea kusema hivyo, siku atakapopata 16,700 atashtuka mwenyewe, kwa sababu hakuna chenji inayozidi noti iliyotolewa. Tabia hii ya kulitilia shaka jibu la ajabu naithamini kuliko kurasa nyingi za mazoezi.

Hapo ndipo unapoingia wewe na hesabu yako ya darasa la saba. Njia yako ya kupanda kutoka bei hadi noti ni sahihi kihisabati, na hutamharibu mtoto kwa kumwonyesha. Tatizo huja pale mzazi anapomwambia mtoto kwamba mwalimu anakosea, au mwalimu anapoikataa njia ya nyumbani, na mtoto akabaki katikati. Mwambie kwamba zote mbili zinafika mahali pamoja. Ya shuleni ataihitaji, kwa kuwa namba zitakuwa kubwa na kwenye mtihani anatakiwa kuonyesha kazi yake. Ya kwako aitumie kuhakiki. Kwa 403 kutoa 178, baada ya kutoa kwa safu, apande: 178 na 2 ni 180, na 20 ni 200, na 203 ni 403. Mbili, ishirini na mia mbili na tatu ni 225. Majibu yakilingana, anajua amepata bila kumngoja mtu amwekee alama ya vema.

Kuhusu vidole, usimkataze. Kuhesabu kwa vidole ni hatua halali ambayo watoto huipitia, na ukiizuia kwa nguvu ataihamishia chini ya dawati. Kinachohitaji kuangaliwa ni namna anavyovitumia. Kwa 8 jumlisha 5, je, anaanzia moja mpaka kumi na tatu, au anaanzia nane na kuendelea tisa, kumi? Kama anaanzia moja, mfundishe kwanza kuanzia kwenye namba kubwa. Kisha mjenge jozi za kumi: tisa na moja, nane na mbili, saba na tatu, sita na nne, tano na tano. Vizibo kumi vya soda vinatosha. Ficha baadhi chini ya bakuli, aone vilivyo nje aseme vilivyofichwa. Akizishika jozi hizo, nane na tano inakuwa nane na mbili, kumi, na tatu, kumi na tatu, na vidole vinaanza kupumzika vyenyewe. Kama nyumbani kuna mzee anayecheza bao, au isolo kama Wasukuma wanavyoliita, mwache mtoto acheze naye. Kuhesabu kete na kukisia zitaishia shimo gani ni mazoezi mazuri ya namba, tena anayafanya akicheka.

Jedwali la kuzidisha lazima alijue, na katika hilo sikubaliani na wanaosema kukariri kumepitwa na wakati, kwa sababu asiyejua saba mara nane hawezi kugawanya wala kufanya sehemu bila kuchoka njiani. Ila kumkaririsha jedwali zima kila usiku ni kumbebesha mzigo mkubwa kuliko ulivyo kweli. Jedwali la moja hadi kumi lina majibu 100. Ya 1, ya 2, ya 5 na ya 10 watoto wengi huyapata upesi. Akielewa kwamba 3 mara 7 ni sawa na 7 mara 3, yanayobaki ni 21 tu. Ya 9 ayapate kwa kumi kutoa moja: 9 mara 7 ni 70 kutoa 7, yaani 63. Ya 4 ni kurudufu mara mbili: 7, 14, 28. Yanabaki kumi: 3 mara 3, 3 mara 6, 3 mara 7, 3 mara 8, 6 mara 6, 6 mara 7, 6 mara 8, 7 mara 7, 7 mara 8 na 8 mara 8. Hayo ndiyo ya kukariri, mawili kwa juma, na kila siku kurudia kidogo yaliyotangulia. Mezani kwako myaone kwa macho: mafungu saba ya samaki sita sita ni samaki wangapi, na tukiyapanga kuwa mafungu sita ya samaki saba saba, je, idadi imebadilika?

Maswali ya mafumbo nayo yana ugumu wake, ambao mara nyingi si wa hesabu bali ni wa kusoma, hasa kwa mtoto anayezungumza Kisukuma au Kikerewe nyumbani na kukutana na Kiswahili cha vitabuni darasani. Mpe fumbo kama hili: mama ana debe la lita 20 limejaa dagaa, anauza kwa sado ya lita 4, atapata sado ngapi? Kabla hajakokotoa, akusimulie kisa hicho kwa maneno yake bila kutaja namba. Akishindwa kusimulia, msaidie kwanza kuelewa kisa.

Muda uwe mfupi, dakika 15 au 20 kwa siku, na usiwe usiku wa manane baada ya wewe kutoka Mwaloni umechoka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015 kuhusu watoto wa madarasa mawili ya mwanzo ulionyesha kwamba pale wazazi wenye hofu ya hisabati walipowasaidia watoto wao mara kwa mara kazi za shuleni, watoto hao walijifunza hisabati kwa kiasi kidogo kuliko wenzao kwa mwaka ule, na hofu yao ikaongezeka. Wazazi wenye hofu ile ile ambao hawakusaidia mara kwa mara hawakuonekana kuwa na athari hiyo. Nisieleweke kwamba ujiondoe. Nasema tu kwamba mtoto huchukua sauti yako na uso wako pamoja na hesabu, kwa hiyo siku usiyo na subira, mwache apumzike.

Tuisheni je? Baba yake ana nia njema, lakini jibu langu linategemea tuisheni gani. Chumba chenye watoto wengi, mwalimu anayekimbilia maswali ya mitihani iliyopita, kitamrudishia mwanao mambo yale yale yaliyomshinda, kwa kasi kubwa zaidi na kwa fedha yenu. Mwalimu mwenye watoto wachache, aliye tayari kurudi nyuma hadi thamani ya nafasi, anafaa. Kabla ya kulipa, mwonyeshe ile 16,700 umuulize mtoto amefikaje hapo. Akikueleza kanuni iliyomwongoza, mpe mtoto. Akisema tu kwamba hana umakini, endelea kutafuta.

Na upimaji wa mwisho wa mwaka: sitakuahidi kwamba mapengo ya miaka mitatu yatazibwa yote kabla Baraza la Mitihani halijaleta karatasi. Anaweza kupanda vizuri kwenye kujumlisha, kutoa na mafumbo ya fedha, na hayo yana uzito. Ningependa aingie kwenye chumba hicho akiwa ameelewa mambo machache kwa hakika kuliko kupitia kila mada juujuu.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyaona kwa maandishi, na yanahitaji mtu amwone mtoto ana kwa ana. Kama anakunja macho kutazama ubao, au ananakili namba vibaya kutoka ubaoni, apimwe macho. Hospitali za Sekou Toure na Bugando ziko karibu nanyi. Kama huitika baada ya kuitwa mara kadhaa, apimwe masikio. Kwa kuwa mnaishi kando ya ziwa, usisahau kichocho: mtoto anayeoga au kuchota maji ziwani, akawa na maumivu ya tumbo ya mara kwa mara, kuhara, damu kwenye choo au uchovu usioisha, apelekwe kituo cha afya. Ugonjwa huo huweza kumpunguzia damu na kumdhoofisha katika masomo, na una dawa.

Wapo pia watoto wachache, ambao makadirio ya watafiti huwaweka kati ya 3 na 7 kwa kila 100, wenye ugumu wa kudumu wa kushika namba uitwao diskalkulia. Mtoto wa namna hiyo kwa kawaida hupata shida hata na fedha, na hata kutambua upi ni wingi na upi ni uchache, jambo ambalo kwa maelezo yako binti yako halimsumbui. Hata hivyo, ukifanya haya niliyoyaeleza kwa miezi mitatu bila fimbo, na usione badiliko lolote, zungumza na mwalimu mkuu akuelekeze kwa afisa wa elimu maalumu wa halmashauri.

Lakini kwanza nenda kwa mwalimu wake wa Hisabati, juma hili kama unaweza, asubuhi kabla ya vipindi. Chukua daftari, mwonyeshe hesabu ya 10,000 kutoa 6,700, mweleze kwamba mezani anapata 3,300, na umuulize mambo mawili: ni mada ipi ya nyuma ambayo angependa mtoto airudie kwanza, na darasani wanaandikaje kukopa, ili vipande vyenu vya karatasi vifuate mwandiko ule ule.